Mbao ya Mathenge Inapomshinda Seremala: Dalili, Vyanzo na Tiba

Ukimuuliza seremala wa Marigat, Bura au Garissa, katika maeneo makavu ya Kenya, kwa nini hutengeneza viti kwa saiprasi iliyosafirishwa kutoka nyanda za juu, ilhali mathenge umejaa hadi ukutani mwa karakana yake, atakujibu kwamba mti huo unapinda, unaliwa na wadudu na unamaliza makali ya msumeno. Hakuna uongo katika jibu hilo, kwa kuwa ameyaona hayo kwa macho yake. Kosa liko katika hukumu inayofuata, kwamba basi mbao yenyewe haifai. Kasoro nyingi ambazo mathenge hulaumiwa kwazo huzaliwa kabla randa haijaigusa mbao, yaani katika namna gogo lilivyochaguliwa, lilivyopasuliwa na lilivyokaushwa, na karibu zote zina tiba ambayo fundi mwenye vifaa vya kawaida anaweza kuimudu.

Mathenge ninaouzungumzia ni Prosopis juliflora, ndugu wa karibu wa miti ya mesquite ya Texas, Arizona na kaskazini mwa Mexico. Mwaka 1973 ulipandwa katika machimbo ya mawe ya Bamburi, karibu na Mombasa, ili kuyarudishia kijani, na kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukapandwa Baringo na Bura kwa ajili ya kuni na kuzuia jangwa. Ulienea kupita matarajio ya waliouleta. Mwaka 2006 wakazi wa Baringo walifika mahakamani Nairobi wakiwa na mbuzi aliyepoteza meno, ambayo walisema yaliharibiwa na maganda matamu ya mti huo, na mwaka 2008 serikali ikautangaza kuwa gugu hatari. Malalamiko yao ni ya haki, na sitaki mwongozo huu usomwe kama utetezi wa kuuacha mti huu uendelee kumeza malisho. Ninachosema ni kwamba gogo ambalo tayari limekatwa ili kufungua njia au shamba, na ambalo kwa kawaida huishia kwenye tanuri la makaa, lina ndani yake mbao ambayo huko Texas hutengenezewa meza, milango na sakafu za gharama. Mitaa ya San Antonio iliwahi kutandazwa vipande vya mesquite mwishoni mwa karne ya 19, na katika eneo la Chaco nchini Argentina miti ya jamii hiyohiyo, inayoitwa algarrobo, ni mbao ya samani ya kila siku.

Tabia za mbao yenyewe

Fundi anapaswa kutofautisha sehemu tatu za gogo tangu siku ya kwanza. Chini ya gome kuna tabaka la rangi ya manjano hafifu, ambalo hapa nitaliita weupe. Ndani yake kuna moyo wa rangi ya kahawia yenye wekundu, ambao huendelea kukolea kadiri unavyopata mwanga. Katikati kabisa ya moyo kuna kiini, ule uzi laini ambao nyufa nyingi huanzia. Karibu kila tatizo lililoelezwa hapa chini linahusu mojawapo ya sehemu hizi kutumika mahali isipostahili.

Mbao kavu ya mesquite ya Texas ina uzito wa takriban kilo 820 kwa mita moja ya ujazo, na mathenge wetu hucheza karibu na hapo, mwepesi zaidi au mzito zaidi kulingana na umri wa mti na mahali ulipoota. Kwa kipimo cha Janka, kinachoonyesha nguvu inayotakiwa kuizamisha goroli ya chuma hadi nusu yake ndani ya mbao, mesquite hiyo hufikia takriban nyutoni 10,400, ambapo mvule hufikia 5,600 hivi. Kwa hiyo aliyezoea mvule ajue kwamba amekutana na kitu kinachokaribia kuwa kigumu mara mbili, na aliyezoea saiprasi asidhani kabisa kwamba mazoea yake yatamsaidia.

Hata hivyo, ugumu si sifa yake kuu, kwa kuwa miti migumu tunayo mingi. Sifa yake adimu ni utulivu. Kutoka ubichi hadi ukavu kamili, ujazo wa mesquite hupungua kwa takriban asilimia 5 tu, wakati msaji, ambao dunia nzima husifu kwa kutochezacheza, hupungua kwa asilimia 7 hivi, na mwaloni mweupe wa Marekani hupita asilimia 16. Zaidi ya hayo, mesquite hupungua karibu kwa kiasi sawa kuelekea kiini na kuzunguka pete za mti, na tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo huifanya mbao ya miti mingine ijikunje kama kigae. Droo ya mathenge iliyokaushwa vizuri haibani wakati wa mvua na hailegei wakati wa kiangazi. Hilo ndilo linalonifanya niamini kwamba mti huu umehukumiwa vibaya.

Kabla ya kutafuta ubovu, pima unyevu

Malalamiko mengi huishia hapa, kwa sababu mbao inayodaiwa kuwa kavu haikuwa kavu. Mathenge ni mzito hata ukiwa mkavu, kwa hiyo kuunyanyua ubao mkononi na kukisia hakufai. Kama huna kipimo cha umeme, kata kipande kidogo katikati ya ubao, angalau sentimita 30 kutoka mwishoni, ukipime kwa mizani ya jikoni, ukiweke katika joko lenye joto la takriban nyuzi 103, na ukipime tena mara kwa mara mpaka uzito usipungue zaidi. Toa uzito mkavu kutoka uzito wa kwanza, gawanya kwa uzito mkavu, kisha zidisha kwa 100. Kipande kilichoanza na gramu 130 na kuishia gramu 112 kilikuwa na unyevu wa asilimia 16, na hicho hakijafikia kiwango cha samani za ndani huko Garissa au Nairobi, ingawa kinaweza kutosha kwa benchi la barazani Mombasa, ambako hewa ya bahari hairuhusu mbao ikauke sana. Lenga asilimia 10 hadi 12 kwa bara, na uiache mbao ikae wiki kadhaa ndani ya chumba cha kazi kabla ya kuipima na kuikata.

Dalili: ubao umepinda au umejisokota

Hapa inafaa kutua kidogo, kwa maana ndipo jina la mathenge limechafuliwa zaidi. Kama nilivyoeleza, mbao hii haipendi kupinda kwa ajili ya kukauka. Kinachopinda ni mti. Shina la mathenge huinama, huzunguka jua na upepo, na hutoka likiwa moja kati ya mengi yanayogombania mwanga kutoka kwenye kisiki kimoja. Shina lililoinama hujenga ndani yake mivutano, upande mmoja ukivuta na mwingine ukisukuma, na msumeno unapoligawa mivutano hiyo huachiliwa papo hapo. Ndiyo maana ubao hupinda ukiwa bado juu ya gogo, kabla haujapoteza hata tone la maji.

Ili kujua unashughulika na chanzo kipi, angalia wakati. Ubao uliopinda siku uliyoupasua umepindwa na mivutano ya shina, na tiba yake ni kukata vipande vifupi. Ukiligawa gogo lililopinda katika vipande vya mita moja au moja na robo, kila kipande kitabeba sehemu ndogo tu ya upindo, nao unaweza kuondolewa kwa randa bila kupoteza unene mwingi. Pasua mbao zikiwa nene kuliko unavyohitaji, milimita 6 hadi 10 zaidi, ili uwe na akiba ya kunyooshea. Ubao uliojisokota polepole katika majuma ya kukauka kwa kawaida una kiini ndani yake, au nyuzi zake zimezunguka shina kama kamba iliyosokotwa, jambo unaloweza kulitambua mapema kwa kutazama mielekeo ya nyufa kwenye gome au kwenye mti mkavu uliosimama. Gogo la namna hiyo liache kwa vipini, vibao vya kukatia mboga na vipande vya sakafu.

Chanzo cha tatu ni cha aibu kidogo kwetu mafundi, nacho ni upasuaji wa kukisia kwa jicho. Msumeno wa mnyororo ulioshikwa kwa mikono mitupu hutoa ubao wenye unene wa milimita 40 upande mmoja na 25 upande mwingine, na ubao huo utakauka bila usawa na kuonekana umepinda hata kama haukupinda. Fremu ya chuma inayofungwa kwenye bapa la msumeno na kuongozwa na reli iliyonyooka juu ya gogo imetumiwa kupasua mathenge hapa Kenya, na mimi siioni kama anasa. Ni kifaa cha lazima kwa yeyote anayetaka mbao badala ya kuni zenye umbo la mbao.

Kwa sababu hizo zote, mchoro wa kazi ndio ubadilike kulingana na mbao ilivyo. Anayetafuta ubao wa mita tatu wa kufanyia boriti ameukosea mti huu. Kiti, stuli, meza ndogo, fremu ya picha, mpini wa jembe na sakafu ya vipande vifupi vyote vimo ndani ya urefu ambao mathenge unautoa kwa hiari.

Dalili: nyufa

Nyufa za mathenge ni za aina tatu, na kuzichanganya ndiko kunakomfanya mtu atumie dawa isiyohusika.

Nyufa fupi zilizoanzia mwishoni mwa ubao na kuingia ndani sentimita chache husababishwa na maji kutoka haraka mno kupitia ncha za nyuzi. Katika joto na upepo wa Garissa gogo lililoachwa juani laweza kuanza kupasuka miisho siku hiyohiyo. Tiba ni kinga: paka nta iliyoyeyushwa, au rangi nzito ya mafuta iliyobaki kwenye makopo, kwenye ncha zote mbili punde tu baada ya kukata, na uliweke gogo kivulini. Ukishapasua, panga mbao juu ya vijiti vikavu vyenye unene sawa, milimita 25 hivi, kila baada ya nusu mita, vijiti vya tabaka moja vikiwa juu ya vijiti vya tabaka jingine, kisha weka mawe juu ya rundo. Katika wiki za kwanza za kiangazi funika pande za rundo kwa magunia ili upepo usipenye kwa nguvu. Mbao ya milimita 25 iliyoachwa hivyo kivulini huhitaji miezi mingi, na desturi ya kuhesabu mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene bado ni salama kwa asiye na kipimo.

Nyufa zilizotoka kwenye kiini kama miale ya jua zilikuwamo ndani ya mti kabla hujaukata au zilikuwa zinangoja. Hazizuiliki kwa nta. Pasua gogo kupitia kiini, kisha ondoa ukanda wa sentimita mbili hadi tatu kila upande wake na uupeleke jikoni bila majuto.

Aina ya tatu ni ufa unaofuata pete ya mti, kama ganda la kitunguu linaloachana na jingine, na huu ndio wa kuogopwa, kwa kuwa hauonekani mpaka ubao upigwe randa au kiti kikaliwe. Gonga ubao kwa mpini wa nyundo, na ukisikia mlio mfu mahali pamoja, mwagia spiriti kidogo: uso utakauka, lakini mstari wa ufa utabaki umelowa kwa muda. Ubao wa namna hiyo usiwe mguu wa kiti wala ngazi. Unaweza kuwa uso wa meza, na hapo nyufa na mifuko ya gome iliyomezwa na mti huweza kujazwa gundi ya epoksi iliyochanganywa na unga wa makaa au vumbi la mbao hiyohiyo. Mafundi wa Texas na Arizona wamegeuza kasoro hii kuwa pambo kwa kujaza nyufa vipande vya feruzi, na sioni kwa nini fundi wa Lamu, mwenye urithi mrefu wa kupamba mbao, asijaze ganda la chaza.

Dalili: unga mweupe na vitobo

Unga laini unaodondoka chini ya kiti kipya ni dalili inayomwondolea fundi wateja kuliko nyingine yoyote. Chanzo chake ni bungua, ambao huvutwa na wanga uliomo kwenye weupe. Moyo wa mathenge una kemikali za asili zinazoulinda na ni mgumu kuliwa, lakini weupe wake ni chakula.

Kwanza chunguza kama wadudu wangali hai. Fagia, weka kitambaa cheusi chini ya kiti usiku kucha kwa siku kadhaa, na uone kama unga mpya umedondoka. Vitobo vya zamani visivyotoa unga ni makovu tu, na vijazwe nta. Kisha tazama ukubwa. Matundu mapana kama ya kalamu, yenye umbo la yai, mara nyingi huachwa na mabuu ya mbawakawa wenye papasi ndefu, walioingia gogo likiwa bado na gome, na wengi wao hawataanzisha kizazi kipya ndani ya mbao kavu. Vitobo vidogo vya milimita moja au mbili vyenye unga laini kama wa ngano ndivyo hatari, kwa sababu wadudu hao hutaga tena na tena katika mbao kavu.

Tiba ya kudumu ni kutotumia weupe kabisa katika samani. Najua jinsi inavyouma kutupa theluthi ya gogo ambalo tayari ni jembamba, na najua wanunuzi wanavyopenda ule mpaka wa manjano na kahawia. Anayetaka kuubakiza lazima afanye mambo matatu bila kuruka hata moja: aondoe gome siku chache baada ya kukata, apasue haraka, na azamishe mbao mbichi katika maji yaliyoyeyushiwa boraksi na asidi ya boriki kabla ya kuzianika. Dawa hiyo huoshwa na mvua, kwa hiyo haifai kwa vitu vya nje, na isitumike kwenye bakuli wala kibao cha chakula. Mwenye tanuri la kukaushia mbao anaweza kuwaua wadudu wote kwa joto. Kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungashia mizigo hutaka katikati ya ubao pafikie nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo, lakini kumbuka kwamba joto huua waliomo na haliwazuii watakaokuja kesho.

Kupaka vanishi juu ya mbao yenye wadudu hai hakusaidii. Watatoboa wakitoka.

Dalili: msumeno unaunguza, randa inang'oa nyuzi

Alama nyeusi za kuungua kando ya mkato humaanisha mojawapo ya mambo matatu: meno ni butu, meno ni mengi mno kwa kazi ya kupasua, au fundi anaisukuma mbao polepole kwa hofu. Kwa kupasua kufuata nyuzi tumia bapa la meno machache, 24 hivi kwa msumeno wa mviringo wa sentimita 25, na yawe ya kabaidi, kwa sababu chuma cha kawaida hakidumu hapa. Sukuma kwa mwendo usiobadilika. Magogo huja pia na mchanga uliokwama kwenye gome, hasa yale yaliyoburutwa, na mchanga huo humaliza mnyororo wa msumeno kwa dakika chache kuliko mbao yenyewe ingeweza kufanya kwa siku nzima, kwa hiyo osha gogo au lichune gome kwanza.

Kung'oka kwa nyuzi kwenye uso uliopigwa randa hutokana na nyuzi zilizosukana, ambazo hubadilisha mwelekeo kila sentimita chache kuzunguka mafundo. Hakuna upande mmoja ulio sahihi wa kupigia randa. Noa ulimi mpaka unyoe nywele za mkono, punguza kina hadi unyoya mwembamba kabisa upatikane, na kama nyuzi bado zinang'oka, ongeza pembe ya ulimi kutoka nyuzi 45 za kawaida hadi 55 au 60 kwa kunoa mkingamo mdogo mgongoni mwake. Mahali palipobaki pakwaruze kwa bamba jembamba la chuma lenye makali yaliyogeuzwa. Msasa uje mwisho, nao utumiwe ukiwa umevaa barakoa, kwa kuwa vumbi la mti huu huwasha pua na macho ya baadhi ya watu.

Kwenye mashine ya kukereza hali ni tofauti kabisa. Hapo mathenge ni mti mtiifu, hukatika kwa usafi na kutoa mng'ao hata kabla ya mafuta, na bakuli lililokerezwa likiwa bado na unyevu hukauka likibaki karibu na umbo lake, tofauti na miti mingi inayogeuka yai. Anayeanza kuujua mti huu namshauri aanzie kwenye kereza.

Dalili: msumari unapinda, skrubu inakatika

Usiupigie msumari mathenge mkavu. Toboa kwanza tundu lenye upana wa robo tatu ya skrubu, milimita 3 kwa skrubu ya milimita 4, na upake sabuni au nta kwenye hesi. Karibu na mwisho wa ubao toboa pana kidogo zaidi, vinginevyo utapasua. Kwa viungo vikubwa, ulimi na tundu vilivyokatwa kwa usahihi hushinda chuma chochote, na hapa utulivu wa mbao unakulipa, kwa kuwa ulimi hautasinyaa ukaachia.

Dalili: madoa meusi yenye rangi ya wino

Madoa haya hujitokeza kuzunguka misumari, chini ya mguu wa mashine, au mahali palipolazwa patasi yenye unyevu. Watu wengi hudhani ni ukungu. Ni tanini ya mbao iliyokutana na chuma na maji, mchanganyiko uleule uliotumika zamani kutengenezea wino. Ukungu hufutika kwa kitambaa chenye dawa ya kufulia, lakini doa hili halitafutika.

Lidhibiti kwa asidi ya oksali iliyoyeyushwa katika maji ya uvuguvugu, ukivaa glavu na kinga ya macho, kisha suuza vizuri na uache pakauke kabla ya kupiga msasa. Ili lisirudi, tumia skrubu za shaba au za chuma kisichoshika kutu, na weka plastiki kati ya mbao mbichi na vibano vya chuma wakati wa kugandisha. Rangi nyeusi ikitakiwa kwa makusudi, siki iliyolowekewa misumari mikuukuu huipa mbao hii weusi mzuri, kwa sababu ileile.

Dalili: gundi imeachia

Mbao nzito hainywi gundi haraka kama saiprasi, na uso uliosuguliwa na ulimi butu hung'aa na kuizuia kabisa gundi isipenye. Dondoshea tone la maji: likibaki limesimama kama shanga, uso huo hautashika. Upige randa upya au uupitishie msasa wa namba 120, futa vumbi, na uunganishe siku hiyohiyo. Gundi nyeupe ya kawaida inatosha kwa samani za ndani, mradi mbao iwe chini ya asilimia 12 za unyevu na kibano kikae kwa saa kadhaa badala ya nusu saa. Tatizo la upande wa pili ni kubana kwa nguvu kupita kiasi, mpaka gundi yote ikatoka pembeni na kiungo kikabaki kikavu, na katika mbao ngumu hili ni rahisi kutokea kuliko inavyodhaniwa.

Dalili: vanishi inanata, rangi imebadilika

Mafuta ya kitani au vanishi ya mafuta ikibaki inanata kwa siku nyingi juu ya moyo wa mathenge, huku ikikauka vizuri juu ya weupe wa ubao uleule, chanzo ni kemikali za moyo huo, ambazo huchelewesha mafuta kushika hewa na kuganda. Futa kwa tapentaini, acha ikauke, kisha paka koti jembamba la shelaki kama kizuizi kabla ya kurudia vanishi.

Kuhusu rangi, meza mpya yenye wekundu itakuwa kahawia nzito baada ya miezi kadhaa, hasa karibu na dirisha, na chombo cha maua kilichoachwa mahali pamoja kitaacha duara la rangi hafifu. Huo si ugonjwa. Mweleze mnunuzi mapema, na kwenye meza ya mfano muonyeshe rangi itakayokuja.

Dalili: nguzo ya ua imeoza usawa wa ardhi

Nguzo ya moyo wa mathenge huvumilia udongo na mchwa kwa miaka mingi, lakini nguzo changa ya unene wa mkono wa mtu ni weupe karibu yote, na hiyo huliwa upesi. Kata ncha uone upana wa moyo. Kama kahawia haifiki nusu ya kipenyo, nguzo hiyo ni kuni.

Dalili: magogo ni membamba mno

Hili halionekani kama tatizo la karakana, lakini ndilo linalozaa mengine mengi. Kisiki kilichokatwa juu ya ardhi huchipua mashina mengi, na kila moja huwa jembamba, limepinda na lenye weupe mwingi. Mahali ambapo lengo ni kuung'oa mti, kata shina chini ya usawa wa udongo, sentimita 10 au zaidi, kwa sababu macho yanayochipua yamo kwenye shingo ya mti. Mahali ambapo jamii imekubaliana kuuacha kwa ajili ya mbao, bakiza shina moja au mawili yaliyonyooka, punguza mengine yote, ondoa matawi ya chini yangali laini ili mafundo yawe madogo, na urudi kila baada ya mvua kukata machipukizi. Vaa buti nene na glavu za ngozi, maana miiba ya mathenge hupenya tairi, na jeraha lake huvimba. Kipande kilichovunjikia mwilini kitolewe na mhudumu wa afya.

Kabla ya kupakia magogo au mbao kwenye gari, pata kibali cha kusafirisha mazao ya misitu kutoka Huduma ya Misitu ya Kenya. Andika kwenye kila gogo tarehe ya kukatwa kwa chaki ya mafuta, kisha paka nta kwenye ncha kabla gari halijaondoka.